Beseni la Fundi Mgaza

Rasimu ya kwanza niliiandika jikoni kwetu, Makorora,
umeme umekatika, tochi ya simu imeegemea chupa ya chai:
"Fundi Mgaza ni fundi mzuri wa baiskeli.
Kibanda chake ni kizuri. Mazingira yake yanapendeza sana."
Nikapiga mstari chini ya kichwa cha insha
kwa rula, mara mbili, nikalala usingizi wa mshindi.

Mwalimu Shemhilu hakunipa maksi.
Wino mwekundu pembezoni, herufi ndogo kama sisimizi:
*Kizuri vipi? Mimi sijafika. Nipeleke.*

Nilinuna kutoka shuleni hadi Barabara ya Kumi na Mbili.
Nikakalia ndoo iliyopinduliwa,
nikamtazama fundi kama niliyetumwa na polisi.

Kumbe kibanda hakina mlango, kina gunia la katani
lenye jina la shamba lililokwisha kufa.
Kumbe solusheni ina harufu tamu inayouma kichwa.
Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha,
na hicho ndicho anachopapasia tairi kutafuta mwiba.
"Ukucha hausikii," alisema, bila kuulizwa.

Darini imening'inia baiskeli ya kijani, haina vumbi.
Wateja watatu waliiulizia bei mbele yangu.
Alikuwa anatafuta spana.
Mara zote tatu, alikuwa anatafuta spana.

Kisha beseni: la bluu, ukingo umeungwa kwa waya.
Anaujaza upepo mpira wa ndani, anauzamisha,
anauzungusha taratibu, shibiri kwa shibiri,
hata mwenye haraka hunyamaza,
mpaka kiputo kimoja kipande juu, kipasuke.
"Hapo."
Anachomeka njiti ya kiberiti.

Usiku nikaizamisha insha yangu.
Niliisoma kwa sauti, mama akikaanga dagaa,
shibiri kwa shibiri.
*Yanapendeza sana*: kiputo.
*Mazingira*: kiputo.
*Kila mtu anampenda*: hapo maji yalichemka kabisa.

Kulikuwa na aya moja niliyoipenda kuliko zote,
juu ya mwana aliyeiacha baiskeli ya kijani akaenda zake,
na baba anayelia kila Ijumaa.
Mama aliacha mwiko hewani: "Alikwambia nani?"
Hakuna aliyeniambia.
Nikaifuta. Ikabaki spana,
na kitambaa kinyevu nilichokiona mfukoni mwake,
rangi ya kijani imekipaka upande mmoja.

Rasimu ya tatu ilirudi Alhamisi.
Kumi na nne kwa ishirini.
Sisimizi walewale, safari hii mstari mmoja:
*Nimefika. Nimekaa kwenye ndoo. Pampu iko wapi?*

Pampu!
Siku zote hizo nimeusikia upepo ukiingia
nisiuone mkono unaousukuma.
Nikatafuta kandambili chini ya kitanda.
Moja ilikuwa imekatika. Nikaenda hivyohivyo.