Futikamba

Niliinunua barabara ya Kirinyaga, dukani kwa Gurdip:
ya manjano, mita thelathini, ncha yake ndoana ya bati.
Miaka kumi na mmoja imenilisha.
Haijawahi kudanganya.
Mimi nimewahi, mara moja, Ruaka,
benki ilipotaka namba nono na mjane alipotaka mkopo.
Tuliyaacha hayo.

Asubuhi ya leo, Kitisuru.
Chumba cha kulala: mita nne kwa tano.
Bwana Ogutu anasoma, mimi naandika.
Dirisha linatazama miti, tumbili yuko ukutani,
bafu la mgeni, bafu la mwenyeji,
na bafu ambalo hakuna aliyenieleza ni la nani.
Mwenye nyumba katuletea chai ya mnanaa,
akauliza kwa sauti ya chini, kama anayemjulia hali mgonjwa:
"Imepanda?"
Imepanda, mama. Inalala, ikiamka imepanda.
Haikuongezwa tofali, haikupakwa rangi,
imekaa tu kama bibi harusi kitini
na kila apitaye anaitunza.

Alasiri, Kayole, upande wa Masimba.
Vumbi limeingia tumboni mwa futikamba,
inarudi ikisuasua.
Chumba: mita nne kwa tano.
Nikapima tena.
Bwana Ogutu akacheka: "Unatafuta nini, Kemunto?
Mita ni mita."

Mita ni mita. Ndilo linaloniuma.
Mawe yalitoka machimbo yaleyale ya Ndarugu.
Fundi, nilimuuliza, ni Mutisya yuleyule
aliyejenga kule kwa tumbili mwaka wa mvua kubwa
kisha akaja hapa na bilauri yake ya uji na pima maji yake,
akapanga jiwe juu ya jiwe kwa mkono uleule.
Lakini bei nitakayoiandika hapa
inaingia ndani ya ile ya asubuhi mara kumi na tisa,
na chenji inabaki.

Basi tunapima nini?
Si ukuta.
Tunapima maji yanafika saa ngapi, na kama yanafika.
Tunapima kama dereva wa ambulansi anaijua njia.
Tunapima jina: ukilitaja mtaa wako kazini
watu wanakusogezea kiti, au wanashika mikoba.
Zamani mtu mmoja alikaa mezani na kalamu,
akatazama ramani, akasema
huku miti, kule moshi wa garimoshi.
Alishakufa. Wino wake haujakauka,
kila mwezi tunauchovya na kuulipia.

Kaka yangu Nyamweya alipiga simu Jumapili.
Amehama San Jose, yuko Ohio sasa.
Kwa bei ya gereji ya kule, anasema,
amepata vyumba vinne, ghala chini ya ardhi, na mtofaa.
Nikamwambia hongera. Nikamuuliza, na kazi?
Akanyamaza.
Nikasikia koleo la jirani yake likikwangua theluji,
kwa, kwa, kwa,
kisha akasema urahisi una sababu yake,
nayo huijui mpaka Januari.

Usiku, Pipeline, ghorofa ya sita.
Chini ya mlango nimekuta karatasi ya Wambura msimamizi,
mwandiko mzuri, kama wa mwaliko:
kuanzia mwezi ujao, elfu moja zaidi.
Sikuuliza kama imepanda.

Nikatoa futikamba begini, sijui kwa nini.
Tatu kwa tatu na robo.
Nikaitoa nje ya dirisha, ikapepesuka gizani,
ikagusa ukuta wa jengo la pili:
mita moja na sentimita arobaini.
Katikati hapo kuna kamba ya Mama Tindi
na soksi moja ya mtoto, bado mbichi.

Fomu zetu hazina mahali pa hilo.
Nimeliandika pembeni, kwa penseli.