Bonde Kwenye Mchoro

Usaili ni kesho, saa tatu, ghorofa ya pili,
kampuni inayonunua kahawa mnadani na kuiuza ng'ambo.
Afisa Biashara Daraja la Chini, tangazo lilisema,
kana kwamba kuna ngazi
na mimi nitapewa kuishikilia isiteleze.

Mimi ni mwalimu wa biolojia.
Miaka minne Himo, chaki na vyura,
kisha shule ikafungwa na mishahara yetu ya miezi mitano ndani.
Naweza kukuchorea moyo wa chura nimefumba macho.
Lakini mtu akisema "kukinga bei"
nawaza koti la mvua.

Mdogo wangu Elirehema ndiye jopo.
Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kavaa tai ya kwaya,
anauliza kwa sauti ya puani:
"Bei ya New York ikiwa senti mia mbili kwa ratili,
gunia la kilo hamsini ni dola ngapi?"
Gunia ni ratili mia na kumi, nukta mbili.
Mara mbili. Mia mbili na ishirini, na senti arobaini.
"Umechelewa," anasema. "Mwenzio kashanunua."
Anakunywa chai yangu.

Maneno mapya nimeyaandika kwenye daftari la mahudhurio,
nyuma ya majina ya watoto.
Nyuma ya Shirima, Gaudensia: tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza.
Nyuma ya Mshana, Abeli: mkataba wa mwezi wa tisa.
Nyuma ya yule aliyehamia Same bila kuaga:
hasara isiyo na kikomo.

Hiyo tofauti, nadhani, naijua.
Mama Nkya wa Kiboriloni hununua parachichi mia tatu
akaliuza mia tano, na ndani ya mia mbili hizo
mna kibarua, mna ushuru wa soko,
mna yale yaliyooza chini ya tenga.
Inayobaki huiita "ya chumvi".

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Kwa tochi ya simu nikakunjua mchoro
alionichapia Hasani wa steshenari kwa mkopo:
bei ya kahawa, miaka thelathini, mstari mmoja
unaopanda na kushuka kama kifua cha mwenye pumu.
Nikaufuata kwa kidole
mpaka kwenye bonde.
Nikahesabu kurudi nyuma. Nilikuwa darasa la pili.

Ndio mwaka baba aliporudi kutoka chama cha ushirika,
akatundika koti, akachukua shoka,
na mibuni ya babu, kule Uru, ikalala mmoja mmoja.
Tulipikia kuni za mbuni hadi masika.
Zinawaka vizuri. Hazina moshi mwingi.
Hakuna aliyetueleza; nilidhani miti imeugua.
Kumbe ni hapa.
Nusu sentimita ya wino.

"Swali la mwisho," likasema jopo gizani,
"kwa nini tukuajiri wewe, usiyesomea fedha?"
Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri tangu Jumapili:
najifunza haraka, nashirikiana na wenzangu.
Halikutoka.
Elirehema hakumbuki mti hata mmoja,
wakati ule alikuwa wa kubebwa mgongoni.
Nikammulikia bonde.
Alilitazama sana. Akavua tai.
"Hilo usiwaambie," akasema. Kisha: "Au waambie.
Sijui. Lala."

Asubuhi, viatu vya mama, vimenizidi namba moja,
pamba kwenye vidole.
Kwenye benchi nje ya mlango tuko watano.
Jirani yangu ana kikokotoo chenye vitufe nisivyovijua
na anakifuta kwa leso.
Ndani kuna mtu anakaanga sampuli;
harufu ile ya kitu tulichokilima
na nyumbani hatukuwahi kukinywa.
Kiganjani niliandika 110.2
na jasho limekwisha kula nukta.
Ratili elfu moja mia moja na mbili, gunia moja:
lingemvunja mtu mgongo.

Mlango unafunguliwa. Wanalikosea jina langu.
Nasimama hivyo hivyo.