Amina Iliyochelewa

Saa kumi na nusu alfajiri, Taebaek bado ni giza,
theluji imekaa juu ya mapaa kama deni la mwaka jana.
Kengele hatupigi, majirani wamelala;
sisi tunaokuja tunajuana kwa kikohozi.
Ndani, jiko moja la chuma katikati ya mikeka,
na tumboni mwake makaa mawili yamebebana,
ya mviringo, kila moja na matundu ishirini na mawili,
la juu jipya, la chini jekundu.

Nilikuwa mchungaji mgeni, miezi mitatu tu,
na sala zangu zilikuwa ndefu.
Nasema kweli: nilizipima.
Nilipenda sauti yangu ikipanda na mvuke wa pumzi,
nilipenda kusema "Nitume mimi, Bwana,"
nikiwa nimekaa.

Mama Hwang Okrye hakuwa na sala ndefu.
Miaka sabini na mmoja, magoti yakilia kama bawaba,
alikaa kando ya dirisha, akalifuta ukungu kwa kiwiko,
akaomba macho wazi.
Hilo liliniudhi.
Mtu anasema na Mungu huku anachungulia bondeni?

Alfajiri ile ya Februari nilikuwa nawaombea "wote wenye shida",
wote, jumla jamala, bila jina hata moja,
nikasikia mlango wa jiko ukilia.
Nikafumbua jicho.
Mama Hwang ameshika koleo,
amelichomoa kaa letu jekundu, kaa la kanisa,
akalitia ndooni, akatoka nalo
bila kungoja amina.

Baridi ikaingia, ikakaa mahali pake.
Nikaikata sala, nikamfuata
na hotuba tayari mdomoni.

Kumfuata hakukuwa kazi:
nyayo ndogo, na ubavuni mwa nyayo
alama za theluji iliyoyeyuka kila alipotua ndoo.
Zilishuka hadi kwa mzee Pyo,
aliyechimba makaa miaka thelathini na minne
mpaka mgodi ukafungwa, na mapafu yake nayo.
Bomba la paa lake halikutoa moshi.

Kumbe hilo ndilo alilokuwa akilitazama.
Kila alfajiri, pale dirishani: mabomba kumi na saba,
nyuzi kumi na saba za moshi,
uzi mmoja mmoja kwa jina lake.
Siku ile, kumi na sita.

Nilimkuta amepiga magoti,
mbele ya jiko la mzee, analinganisha kaa jipya
juu ya kaa letu, tundu kwa tundu,
ili moto upate pa kupandia.
Mzee yuko chini ya mablanketi matatu, midomo ya buluu,
anakohoa na kuomba radhi kwa usumbufu.
"Nyamaza," akamwambia, "usimalize pumzi."
Kisha, bila kugeuka, kwangu:
"Mchungaji, fungua dirisha upana wa kidole,
hewa ya jiko hili huua. Halafu shika miguu yake, isugue."

Nikaishika. Ilikuwa kama mawe ya mtoni.
Hotuba yangu sijui ilianguka wapi.

Moto uliposhika, akakaa kitako, akafuta pua,
akasema, "Amina."
Ya nini? nikamuuliza.
"Ya ile sala yako. Nilitoka haijaisha."

Ametutangulia, Mama Hwang, huu mwaka wa pili.
Siku hizi mimi ndiye ninayekaa kando ya dirisha.
Sala imekuwa fupi, ni majina tu na moshi.
Jivu la jiko silitupi: nalipondaponda kwa kisigino,
nalimwaga kwenye mteremko, mlangoni hadi barabarani,
wanaopanda wasiteleze.
Waumini wapya hunikodolea macho.

Leo: Pyo, yupo. Nam, yupo. Mjane wa Seok, yupo.
Ndugu wawili wa Tak...
nafuta kioo tena, labda ni ukungu.
Labda wamechelewa kuamka.
Labda.

Nyie endeleeni kuomba.
Koleo liko wapi?