Kitenzi cha Hakimu

Hakimu aliuliza, kwa kitenzi kilichopigwa pasi,
kama Ayikoru aliaseteini
kwamba baiskeli ile ni ya marehemu mumewe.
Mahakama nzima ya Arua ikanigeukia mimi, mkalimani,
mla posho ya kikao na chai ya rangi.

Alijua? Lakini hata uvumi hujua.
Aligundua? Hugundua pia aliyejikwaa gizani,
na huyu mama hakujikwaa, alikwenda
kwa miguu yake hadi kibandani kwa fundi.
Nikasema: Mama, uliyakinisha?
Akanitazama kama niliyemuuzia chumvi yenye mchanga.
Nikarudi nyuma, nikavua viatu vya neno:
Ulifanyaje hata shaka ikakutoka?

Akanyoosha mkono hewani, kiganja juu.
“Niliinama. Nikapitisha vidole chini ya kiti.
Kuna waya Ondoma aliufunga mwenyewe
siku springi ilipokatika pale daraja la Enyau.
Ncha yake ilinichoma kila Jumamosi
nikipakia muhogo.
Ikanichoma.”

Karani akaandika: shahidi alithibitisha.
Wakili wa mshtakiwa akafungua kinywa,
akakumbuka kupiga miayo.

Usiku nilishika kamusi yangu ya shule.
Kurasa za herufi A zilikwisha kung’oka zamani,
mtoto alitengenezea tiara.
Basi nikaandika kwa penseli, ndani ya jalada:
kuinama;
kupitisha vidole usipoona;
kuchomwa palepale.