Senta

Ocaki, mchora mabango wa Bweyale,
alinilipa shilingi mia kwa kila herufi
niliyoijaza rangi bila kuvuka mstari.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Neno lililonilisha likizo ile lilikuwa moja:
senta ya nywele, senta ya mbegu, senta ya kuchaji simu.
Hata kibanda cha mabati, kinyozi mmoja, kioo chenye ufa,
nacho kilitaka kuwa senta.

Mwalimu mmoja akaja na tai yake akasema neno hilo huanza na C.
Ocaki hakushuka ngazini.
"Hapa naandika linavyosikika.
Ukitaka C, C ina bei yake."

Mama alisema "naenda senta"
akimaanisha maduka kumi na manne kandokando ya lami
na wanawake wanaokimbilia madirisha ya mabasi ya Gulu
na mihogo ya kuchoma vichwani.
Hakuna aliyepima, hakuna aliyepiga kigingi.
Malori yalichoka pale, basi,
mtu akachemsha chai.

Kwa Shikuku fundi, senta ni bolti.
Ndogo kama kidole gumba, imejificha tumboni mwa springi,
huioni mpaka ikatike,
ndipo lori zima linapotembea upande
kama mbwa.

Na uwanjani senta ni duara la chokaa.
Kigumba walitufunga saba.
Mara saba nilibeba mpira kwapani, kichwa chini,
kuurudisha palepale.
Siku ile hakuna mtoto Uganda nzima
aliyeijua senta kunishinda.

Halafu akaja Kiden.
Alikuwa na cherehani ya mkono, mtoto mgongoni,
na noti mbili zilizokunjwa mpaka zikawa laini kama kitambaa.
Ocaki akamuuliza, kama alivyouliza wote,
senta ya nini, mama?
"Usiandike senta.
Senta ni kule walikotupanga foleni,
wakatufunga vitambulisho mkononi."
Akafikiri.
"Andika Kati."

Kati ya nini na nini?
Niliuliza mimi, mwenye brashi na midomo mirefu.
Hakukasirika.
Alisema mtoto huyu alizaliwa njiani,
baada ya Elegu, kabla ya hapa,
na kitovu chake kimezikwa penye kalvati
ambalo asingelitambua hata akirudishwa kwa gari.
Wengine huulizwa kwenu wapi, wakataja kilima.
Huyu akikua ataulizwa,
ataseme nini? Atasema: kati.

Nikaingia na kopo la rangi kupumzika kivulini.
Alikuwa na kitenge mezani, cha njano, cha mteja wa kwanza.
Hakuwa na futi. Alishika ncha hii, akashika ncha ile,
akazikutanisha kama watu waliogombana,
akalaza mkunjo, akapitisha ukucha.
Akafungua.
Mstari mwembamba, karibu usionekane,
ulikuwa umetokea mahali ambapo hapakuwa na kitu.
"Umeiona?" akasema, bila kuinua macho.
"Haikai ikikungoja. Unaikunja."

Herufi nne. Shilingi mia nne.
Nilizijaza polepole kuliko zote,
na ile A bado nilivuka,
tone la bluu likateremka ubaoni hadi chini ya T.
Ocaki aliliona. Alinikata mia moja
na hakulifuta.

Nilipopita mwaka jana, vibanda vingi vilikuwa vimevunjwa,
barabara imepanuliwa, maduka yamerudi nyuma hatua ishirini,
na senta nzima imesogea nayo
bila mtu kulalamika kwamba si senta tena.
Bango la Kiden sikuliona.
Nikamuuliza kijana wa bodaboda: kuna fundi cherehani hapa,
wa Kati?
Akanyoosha mkono huku, akaurudisha kule,
akacheka.
"Kati ipi?"