Salamu za Saa Sita na Nusu

Hapa bahari iko mbali, siku tatu kwa farasi,
lakini mawimbi yanafika.
Hayana chumvi, hayana sauti.
Nimesimama namenya kiazi, kisu mkononi,
ghafla sakafu inalegea,
na kiazi kile kimoja
kinakuwa kazi ya wanaume kumi.

Bwana Iturrioz, mwenye kondoo, alinipa orodha:
puma, waya wa uzio, pampu inayokwama baridi ikizidi.
Hili hakuliandika.
Alisema tu, "Upepo utauzoea, Ercilia."
Upepo nimeuzoea.
Ni ukitulia ndipo naogopa.

Mwaka wa kwanza nililala siku nne na viatu miguuni.
Mbwa akalamba sufuria mpaka ikang'aa,
akaja kunitazama kama anayedai mshahara.
Ndipo nikajitungia sheria, ndogondogo,
za mtu asiye na nguvu za kutii kubwa:
kitanda nisikiguse kabla kivuli cha tangi hakijafika mlangoni;
kikombe kioshwe, hata kama ni kimoja,
hasa kwa kuwa ni kimoja;
nguzo za uzio, nikizipita, nizisalimie.
Ya arobaini na moja imepinda.
Hiyo naiuliza habari za mgongo.

Na saa sita na nusu, redio.
Kabla ya bei ya sufu, mtangazaji husoma salamu
za watu wa mjini kwa watu wa nyikani.
Kwa familia ya Quilaqueo: mtoto kazaliwa, wa kike, kilo tatu.
Kwa Delfín: dawa ya farasi iko kwa dereva wa lori.
Jina langu, miaka minne, halijasomwa.
Nasikiliza hivyo hivyo,
kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani.

Julai, theluji imefika dirishani,
nami niko chini ya wimbi, chini kabisa,
kule ambako hata kulia ni anasa,
akasoma:
"Kwa Ovidio Mansilla, bonde la Mto Mkavu.
Dada yako anauliza, unakula?"

Kimya. Redio haipokei majibu.
Bonde hilo liko nyuma ya mlima wangu.
Ule moshi mwembamba ninaouona asubuhi nyingine
kumbe una jina,
kumbe una dada.

"Bado," nikajibu mimi, kwa sauti,
sauti yenye kutu, ya bawaba.
Nikaamka. Nikamenya kiazi.
Nusu nikampa mbwa.

Barabara ilipofunguka nilimpa dereva karatasi aipeleke redioni:
*Kwa Ovidio. Moshi wako unaonekana.
Ukiacha kuwasha, nitajua.*
Sikuweka jina. Aibu, nadhani,
au nilisahau kwamba ninalo.

Isisemwe kwamba nimepona.
Jumanne lilirudi, nikiwa nakanda unga.
Sikukimbia, wala pa kukimbilia hapapo;
niliiacha mikono ndani ya donge
likapita juu yangu, likakaa, likakaa sana,
likapita.
Mkate ulitoka mgumu kama tandiko la farasi.
Nimeula.

Leo kuna ukungu, mlima hauonekani.
Nimeongeza kuni mbili jikoni, mbichi kidogo,
zitoe moshi mzito.