Mpira Uliolala Nje

Julai, Uyole. Saa kumi na moja alfajiri
sakitu imelalia majani ya viazi
na mimi nabonyeza mpira wa breki kwa kidole gumba.
Haubonyei.
Jana mchana ulikuwa laini kama sikio la mbuzi.

Mwaka themanini na sita nilikuwa kijana wa kushika spana.
Redio ya bosi wangu Mwasaga, juu ya pipa la dizeli,
ikasema: chombo kimepaa, kimepasuka,
watu saba, mmoja wao mwalimu.
Sekunde sabini na tatu.
Muda wa kulegeza nati mbili, kama hazina kutu.

Miaka ikapita ndipo nikajua: ni mpira.
Pete ya mpira, usiku wa baridi.
Na waliokuwa wakiujua walisema, usiku uleule.
Tarehe ilikuwa imeshapangwa.

Gwantwa, binti yangu, anasomea uhandisi pale Iyunga.
“Baba, bila kuthubutu tungeziangalia nyota
kama kuku anavyoangalia mvua.
Mteremko wa Iwambi peke yake
umekula watu wengi kuliko anga lote.”
Akaniandikia kwenye vumbi la boneti:
wakubwa walikadiria ajali moja kwa safari laki moja,
mafundi, moja kwa mia.
Nikamuuliza, basi hatari ilikuwa ipi,
ile mia,
au umbali wa kutoka mia hadi laki?
Akapangusa boneti kwa mkono wa koti.

Na wale saba wengine, waliofia njiani kurudi.
Kipande cha povu, chepesi, kiligonga bawa wakipaa.
Wakaambiwa si neno.
Siku kumi na sita wakafanya kazi zao
juu ya tundu.

Mimi si mwoga. Wakiniita kesho napanda,
na ovaroli hii hii.
Ila mpira nitaubonyeza mwenyewe.

Dereva wa fuso anapiga honi, viazi vimejaa hadi turubai.
“Fundi, Tunduma wananisubiri!”
Namwambia duka la spea linafunguliwa saa mbili.
“Unanichelewesha kwa kitu cha elfu nne?”

Naandika kwenye daftari la risiti, herufi kubwa:
tarehe, namba ya gari,
MPIRA MGUMU. NIMESEMA.
Nachana, nampa nakala.
Anaisoma mara mbili, anaikunja.
Funguo ziko mfukoni mwangu.